Nailoni kwenye kiti cha baba



Ndugu yangu, leo sikuja na kitabu. Nimekuja na ndoo, brashi na kitambaa. Wiki iliyopita nilitumia siku tatu kusafisha viti vya ngozi vya gari langu la zamani, na katika kazi hiyo nimekutana na jambo nililolikimbia miaka minne. Nakuomba usome mpaka mwisho. Kama una viti vichafu, utajua namna ya kuvisafisha. Na kama una mzazi aliye hai, basi wewe ndiye hasa niliyekuandikia.

Gari lenyewe ni Harrier ya mwaka 2000, viti rangi ya krimu. Wallahi, nilipolinunua nilivipenda vile viti kuliko injini. Mtoto haingii na juisi. Mwenye ndala za tope anazivua. Mke wangu alikuwa akinitania kwamba bado kidogo nitaweka ndoo ya kutawadhia mlangoni mwa gari.

Wakati huo marehemu baba, Allah amrehemu, alikuwa Muheza. Alipata maradhi ya tezi dume, mkojo ukawa haumzuiliki. Daktari akaandika barua apelekwe Dar es Salaam. Nikaenda kumchukua.

Usiku wa kuamkia safari nilichukua ile nailoni nzito wanayofungia magodoro mapya, nikaikata, nikaitandika kiti cha mbele. Juu yake nikaweka kanga ili isionekane. Nikalala nimeridhika kabisa kwamba nimepanga mambo vizuri.

Asubuhi baba akaja amevaa kanzu nyeupe na kofia yake ya darizi, ile ya Ijumaa. Alipokaa tu, nailoni ikalia. Akapapasa pembeni mwa paja lake, akaikuta chini ya kanga. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Umefanya vizuri, mwanangu. Kiti kizuri hiki."

Tukaondoka. Segera akaomba tusimame. Kabuku akaomba tusimame. Kila akijisogeza, nailoni inalia. Akaanza kukaa ukingoni, ameshika dashibodi, kama mtu aliyepewa lifti na mwenye gari asiyemjua. Tulipopita Mkata likamshinda. Nailoni ilikuwa imeteleza, mkojo ukapita pembeni ukaingia kitini. Baba akavua ile kofia ya darizi akawa anafutia ngozi. Anasema, "Nisamehe mwanangu, nimekuharibia kiti."

Nikamjibu, "Hakuna neno, baba." Kisha nikashusha vioo vyote vinne.

Ndugu yangu, wiki mbili kabla ya safari ile nilikuwa nimetoa darsa msikitini juu ya aya ya Suratul Israa, ile inayotukataza hata neno dogo la kuchoshwa mbele ya wazazi wanapofikia uzee. Watu walilia siku ile. Na mimi mwenyewe, njia nzima sikusema neno. Nailoni ilinisemea. Vioo vilinisemea.

Tangu siku ile baba hakukaa tena kwenye gari langu. Kila siku ya kliniki alisema atachukua bajaji, hataki kunisumbua. Na kinachoniuma kuliko vyote ni kwamba sikumbishia. Nilikuwa nashukuru moyoni. Alikwenda kliniki kwa bajaji miezi saba, mpaka Allah alipomchukua.

Kile kiti je? Nilikifuta kwa taulo, nikanunua kava nyeusi nikavivalisha viti vyote, nikatundika kile kikaratasi cha manukato kwenye kioo. Yakapita miaka minne.

Mwezi huu mama alikuja kututembelea. Nikamfungulia mlango wa mbele, akakaa, tukaenda hatua chache. Akasema: "Mwanangu, kiti hiki kinanuka. Kifungue." Nikajua muda wangu umekwisha.

Sasa nikueleze kazi ilivyokwenda, kwa sababu elimu ya mkono nayo ni elimu.

KWANZA, ijue ngozi yako. Viti vingi vya ngozi vya gari vimepakwa rangi na juu yake tabaka jembamba la kuilinda. Uchafu mwingi unakaa juu ya tabaka hilo na kwenye vinyweleo vyake. Jaribu tone la maji mahali pasipoonekana. Likisimama kama tone, tabaka lipo. Likinywewa na ngozi ikawa nyeusi, tabaka limekwisha au halikuwapo, basi maji yawe kidogo sana.

PILI, ondoa vumbi kabla ya maji. Tumia mashine ya kufyonza yenye brashi laini, upite kwenye mishono na kule nyuma ambako makalio ya kiti yanakutana na mgongo. Ukianza na maji, mchanga unageuka msasa na wewe mwenyewe unakwaruza kiti chako.

TATU, sabuni iwe ya ngozi au sabuni laini sana iliyochanganywa na maji. Tumia povu peke yake. Chovya brashi laini, ikung'ute, sugua sehemu ndogo kama ukubwa wa sahani, kisha futa mara moja kwa kitambaa laini chenye unyevu kabla povu halijakauka na kuurudisha uchafu. Endelea sehemu nyingine. Kama kiti kina vitundu vidogo, weka povu kwenye kitambaa, usimwage kitini, maana maji yatazama kwenye sponji. Dawa ya kutoa madoa ya nguo nyeupe, petroli, thina na asetoni ya kucha usivikaribishe. Vinaondoa uchafu pamoja na rangi.

NNE, usidanganywe na mng'ao. Hapa ndipo nilipojifunza. Mimi kwa miaka nilikuwa naona kiti cha dereva kinang'aa, najisemea ngozi bado ni nzima. Kumbe ngozi nyingi za gari zikiwa safi hazing'ai, zimetulia tu. Ule mng'ao ni jasho, mafuta ya mwili na vumbi vilivyogandamana. Nilipopitisha povu, kitambaa kikatoka na rangi ya chai ya rangi, na kiti kikaacha kung'aa. Nikakumbuka na sisi wenyewe, tunavyong'aa mbele ya watu.

Ukimaliza kusafisha na kukausha, paka losheni ya ngozi kidogo, ufute iliyobaki. Usipake mafuta ya nazi wala ya kupikia. Yanabaki juu, yanashika vumbi, na mwisho yananuka. Na rangi ya viatu ndiyo kabisa usiguse. Niliwahi kuficha mchubuko kwa rangi ya viatu, ukahamia kwenye kanzu ya mgeni wangu tukiwa tunakwenda kwenye nikahi.

TANO, nyufa haziponi kwa mafuta. Ule ufa ni wa lile tabaka la juu, na mara nyingine na ngozi yenyewe. Safisha, ondoa mafuta yote, pitisha msasa laini namba 600 au 800 kwa mkono mwepesi, jaza kwa kijazio maalumu cha ngozi, tabaka jembamba jembamba, kila moja likauke. Pitisha msasa tena, ndipo upake rangi ya ngozi na tabaka la kulinda. Kama imechanika kabisa, ingiza kitambaa chini yake na ugundishe kwanza. Ukingo wa kiti cha dereva, upande wa mlangoni, ndio unaoumia zaidi, kwa sababu ndipo tunapoteleza kila tunapoingia na kushuka.

Na ukitengeneza ili uuze, mwambie mnunuzi ulichojaza na ulichopaka. Kumpendezesha kiti si kosa. Kumficha mtu aibu ya bidhaa ndiyo haramu yenyewe.

SITA ni tahara, na wengi mnaniuliza. Ngozi yenyewe isikutie wasiwasi. Katika madhehebu yetu ya Shafi, ngozi hutwaharika kwa kudibaghiwa, isipokuwa ya mbwa na nguruwe. Lakini mkojo ukiingia kitini, manukato hayatwaharishi, wala kava haitwaharishi. Iondoe najisi yenyewe, kisha upitishe maji safi mpaka rangi na harufu viondoke. Ikiwa imekauka nawe ukakalia ukiwa mkavu, nguo yako haijanajisika, kwa hiyo usijitie wasiwasi wa kurudia sala zako.

Kwangu mimi mkojo ulikuwa umeshuka kwenye sponji. Kwa hiyo nilimwita fundi wa viti vya magari. Alitoa waya wa betri kwanza akasubiri, kwa sababu chini ya kiti kunaweza kuwa na waya za eabegi, na hizo hazitaki mchezo. Kisha akafungua bolti nne kwa spana namba 14, kiti kikatoka. Akakata vile vipete vya waya vinavyoshika ngozi kwenye sponji, akaivua ngozi kama anavyovua mtu soksi. Sponji ilikuwa na doa la njano kubwa kama sinia.

Nikamwambia fundi, hii niachie. Nikaiosha mwenyewe. Namwaga maji safi, nakandamiza kwa viganja, yanatoka, namwaga tena, bila kuikamua kwa kuisokota, maana inachanika. Nilimwaga mpaka maji yakatoka meupe na harufu ikaisha. Ikakaa kivulini kwenye upepo siku mbili. Jua kali haliifai ngozi wala sponji.

Nilipokwenda kufuta sakafu ya gari pale kiti kilipokuwa, nikaona kitu kimenasa kwenye reli. Nikakivuta. Kipande cha nailoni, kirefu kama kiganja.

Ndugu yangu, nilikaa chini pale pale. Fundi akadhani nimejikata.

Mama alikuwa barazani anachambua mchele. Nikamwendea na kile kipande mkononi, nikamweleza yote. Nailoni, kofia, vioo, bajaji. Sikumficha kitu. Nilikuwa nasubiri anilaumu, na nilikuwa nautaka huo ulaumu.

Akaniuliza, "Baba yako siku ile alikwambia nini?"

Nikasema, "Alisema nimefanya vizuri."

Mama akaendelea kupepeta. Kisha akasema: "Mimi aliponipigia simu usiku ule, aliniambia mwanao amenisimamishia gari mara tisa njiani, na mara zote tisa alishuka akanishika mkono. Hilo la nailoni nalisikia leo."

Mara tisa. Mimi nilizihesabu zile mara tisa kwa kuchoka. Yeye alizihesabu kwa kunisifu. Na ile nailoni aliifunika, hakumwambia hata mkewe, mpaka akaingia nayo kaburini.

Mimi nilifunika kiti kwa kava ili nisione aibu yangu. Baba alinifunika mimi.

Sasa nakwambia wewe ambaye baba yako au mama yako yupo. Siku itafika atamwaga chai kwenye sofa lako. Ataharibu zulia. Atakulowanishia kiti. Andaa kitambaa na maji, hilo si kosa, usafi ni sehemu ya dini yetu. Kosa langu halikuwa kulinda kiti. Ningeweza kumwambia, "Baba, tutandike kitu hapa ili ukae kwa raha, usiwe na wasiwasi." Ningeweza kumnunulia nguo za ndani zinazofyonza, zipo madukani, nikamvalisha kwa heshima. Mimi nilitandika kwa siri, nikamwacha aipapase mwenyewe, ajue kwamba nimemhesabia gharama. Kiti kimesafishika. Siku tatu tu, sabuni kidogo na fundi mmoja. Ningejua ni kazi ndogo kiasi hiki, ningemwambia baba pale Mkata akae vizuri, aegemee, arudishe kofia yake kichwani.

Na wewe ambaye wazazi wako wametangulia, mlango haujafungwa. Waombee dua, watolee sadaka, lipa madeni yao, watembelee rafiki zao. Kuna mzee mmoja jirani yetu, alikuwa akikaa na baba barazani kila alipokuja mjini. Naye sasa ana kliniki kila mwezi. Jumatatu nilimpitia. Aliangalia kile kiti cha krimu, akasita, akaanza kukung'uta kanzu yake.

Nikamwambia, "Ingia, baba. Kiti ni cha kukalia."

Ewe Mola wetu, wasamehe wazazi wetu, na uwarehemu kama walivyotulea tukiwa wadogo, tukiwalowanisha mapajani nao wakicheka. Tusamehe tuliyowafanyia tukijua na tusiyoyajua. Walio hai wape afya, na utupe sisi nyuso za bashasha mbele yao. Aamin.

Kama mzazi wako yupo, funga simu sasa hivi umpigie. Mimi nitakusubiri.

Wabillahi tawfiq.