Sarseli ni bata wa kiangazi, lakini kiangazi cha nani?

Wiki hii hatuandiki juu ya mgao, wala juu ya majina yaliyobandikwa ubaoni. Tunaandika juu ya bata. Cheka ukishamaliza kusoma.

Sisi tulioko Nakivale tunalijua ziwa letu. Kuanzia mwezi wa 10 hivi kuna bata wadogo wa kahawia wanaoonekana katikati ya maji, wamejikusanya, mchana kutwa kama hawana kazi. Wavuvi wanawaita bata tu, basi. Yaya mmoja wa kikundi chetu ana kitabu cha ndege cha Kifaransa alichokuja nacho toka Bukavu (wengine walibeba sufuria, yeye kitabu), na ndiye aliyetuonyesha ukurasa wao. Jina lao ni sarcelle d'été. Waingereza wanamwita garganey. Sisi tumezoea kusema sarseli, na ndivyo tutakavyoandika.

D'été maana yake ni wa kiangazi. Walimpa jina hilo kwa sababu Ulaya anaonekana majira ya joto peke yake. Baridi ikifika, ameshaondoka. Bata wengi wa kule wakisikia baridi husogea kidogo tu, lakini sarseli karibu wote huondoka kabisa. Wengine wanakwenda India na nchi za jirani zake, wengine wanavuka Sahara kuja Afrika, toka Senegali mpaka Sudan, Ethiopia, Kenya na hapa Uganda. Karibu nusu ya mwaka wako huku. Kama kitabu kile kingeandikwa Base Camp, wangeitwa bata wa Krismasi.

Na kuna jambo lingine ambalo mtu wa Ulaya halioni vizuri. Kule dume ni mtanashati, kichwa cha rangi ya udongo, na mstari mweupe mpana unaopita juu ya jicho mpaka shingoni. Akija kwetu hana mstari huo. Anafika amevaa manyoya ya kawaida, anafanana na jike, na anakaa hivyo miezi kadhaa. Suti anaivaa mwezi wa 2 hivi, akikaribia kurudi. Ndiyo maana tulibishana wiki nzima kama ndege wa kitabuni na wa ziwani ni mmoja.

Ni mdogo, gramu 300 mpaka 400 na kidogo, yaani hata mchuzi wa familia hatoshi. Hapigi mbizi. Bata wa ukoo wake wanakula juu juu ya maji. Anaingiza mdomo, anavuta maji na kuyatoa pembeni, na ndani ya mdomo kuna vijino laini kama chujio la chai vinavyobakiza mbegu, wadudu na konokono. Mara nyingine anainamisha kichwa chote. Kwa hiyo ziwa lenye kina halimsaidii chakula. Anataka maji mafupi, ya kufika kwenye goti la mtoto, yenye majani na matope chini. Mchana analala katikati ya maji mahali pa wazi ambapo adui anaonekana toka mbali, na usiku ndipo anaruka kwenda kula kwenye majaruba, penye yungiyungi na mpunga wa mwitu. Tuliyemwona hana kazi, kumbe anafanya kazi ya usiku.

Uzazi wake uko kule, toka Ulaya mpaka Siberia. Jike anataga chini kwenye nyasi karibu na maji, mayai 8 au 9, anayaatamia peke yake siku 21 mpaka 23. Dume huyo ameshaondoka. (Wasichana wa kikundi walikuwa na maneno hapa, hatuyaandiki yote.) Lakini dume naye ana shida yake, maana anapukutisha manyoya yote ya kurukia kwa mara moja na kukaa wiki kadhaa hawezi kuruka hata kidogo. Wengi wanajificha katika delta ya mto Volga, kwenye mabwawa ya matete pale mto unapoingia bahari ya Kaspi. Fikiria ndege mwenye safari ya mabara mawili, na kila mwaka kuna wiki ambazo usalama wake wote ni matete tu.

Hapo ndipo tulipoacha kucheka. Maisha ya huyu ndege ni mnyororo wa mabwawa, na mengi yako pwani, mahali mto mtamu unapokutana na chumvi. Pwani ya Kenya kuna delta ya mto Tana, ambayo tangu 2012 iko kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu za dunia. Ila habari iliyotushika zaidi ni ya Senegali.

Kwenye delta ya mto Senegal kuna hifadhi ya Djoudj, iliyoanzishwa 1971, ambako sarseli wamekuwa wakikusanyika kwa makumi ya maelfu. Zamani mafuriko yalileta maji matamu, na kiangazi bahari ilipanda mtoni na kuleta chumvi. Mwaka 1986 ukamalizika ukuta wa Diama, kuzuia chumvi ili watu wapate maji ya kilimo. Nia haikuwa mbaya, watu wanakula. Lakini maji yakawa matamu mwaka mzima, na magugu ya typha, ambayo chumvi ilikuwa inayazuia, yakaziba mifereji na mabwawa. Baadaye ikaja salvinia, jani linaloelea na kufunika maji kama blanketi. Kuanzia 2000 mpaka 2006 Djoudj ilikuwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini.

Ng'ambo ya mto, upande wa Mauritania, kuna hifadhi ya Diawling, ya mwaka 1991. Kule waliamua kufungua milango ya maji kwa majira, mafuriko yaingie, halafu pakauke, chumvi nayo ipate zamu yake. Ndege wakarudi. Samaki wakarudi. Na nyasi ambazo akina mama wa kule husukia mikeka, zilizokuwa zimekufa, zikaota tena. Sisi tulisoma habari hiyo ya mikeka mara mbili.

Kwa nini? Juu ya yale yanayotokea hapa kwetu. Mgao ulipopunguzwa, mama zetu walishuka na majembe mpaka kwenye mafunjo ya ziwa, wakapanda lenga-lenga na kabichi, kwa sababu pale udongo una maji hata jua likiwaka. Tumeshasikia ikisemwa mkutanoni, tena mbele yao, kwamba wakimbizi ndio wanaoharibu ziwa. Ilituuma. Hakuna mama anayeamka saa 11 alfajiri kwa kupenda kuharibu ziwa. Lakini pia tunaona kwa macho yetu kwamba pale mafunjo yalipofyekwa yote, msimu wa pili udongo umepasuka na kabichi zimekuwa ndogo. Kikundi kimegawanyika. Wengine wanataka tuombe kila bustani iache ukanda wa mafunjo upande wa maji. Wengine wanauliza, bata ale kabla ya mtoto? Sisi tunaoandika tuko upande wa ukanda, na sababu yetu ya kwanza ni kabichi, sarseli ni wa pili.

Kitu kimoja tunakikataa, ile tabia ya wageni kutuita ndege wanaohama. Sarseli hakufukuzwa. Anajua mwezi wa kuondoka na wa kurudi, na hakuna anayemwuliza kwao ni wapi kwa sababu kwake ni kote kuwili. Sisi hatukuchagua mwezi.

Lakini kuhesabiwa tunafanana. Kila Januari, tangu 1967, watu wa nchi nyingi wanahesabu ndege wa majini, na Afrika iliingia mwaka 1991. Unahesabu 10, unaangalia kumi inachukua nafasi gani kwenye darubini, halafu unapima kundi zima kwa kipimo hicho. Hakuna alama za vidole, hakuna foleni, na bata hachekiwi jina kama limeandikwa vibaya.

Januari hii tunataka kujaribu hapa. Tumeazimwa darubini moja na kaka mmoja anayefanya kazi na vijana, tunatafuta ya pili. Viatu vya mpira viko jozi 3 na sisi ni 11. Mama wawili wenye bustani wamesema watakuja, kwa sharti kwamba tutoke mapema kabla jua halijawa kali, na kwamba njiani tuwasaidie kubeba madumu.