Kavimvira: Chupa ya enerji haimshibishi mchezaji

Kuelekea saa tisa mchana, jua la Kavimvira likiwa bado kali, vijana wanashuka kuelekea uwanjani, viatu vimening'inia begani. Wengi wanasimama kwanza kwenye vibanda vya kando ya barabara iendayo mpakani. Mmoja anaagiza, "Mama, nipatie ile ya nguvu, ya baridi," wawili wanaunganisha franka zao, na wote wanatoka na kopo au kichupa cha plastiki. Mwingine atakinywa sasa hivi, mwingine anakihifadhi kwa ajili ya mapumziko. Wapakuzi wa magari pale mpakani wanafanya vilevile kabla ya kubeba magunia, na motari nao wanavinywa usiku ili wasisinzie.

Vinywaji hivi vinaitwa vya kuongeza nguvu, na vijana wanasema tu "enerji". Jina hilo ndilo linalodanganya watu. Kitu kikubwa kilichomo ndani, ukiacha maji na sukari, ni kafeini, ileile iliyomo katika kahawa inayolimwa kwenye milima ya Kivu yetu, na kafeini si chakula. Mtu anapofanya kazi na kukaa macho, ndani ya ubongo kunajikusanya kemikali inayoitwa adenosini, ambayo kazi yake ni kuuambia mwili: umechoka, pumzika. Kafeini inakuja na kukalia kiti cha adenosini. Uchovu uko palepale, lakini habari yake haifiki. Ni kama mjumbe amezuiliwa mlangoni.

Hatuwezi kusema kwamba haisaidii mchezaji, kwa sababu inasaidia. Hadi mwaka 2003 kafeini nyingi ilikuwa kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa katika michezo. Shirika la dunia linalopambana na dawa hizo, WADA, liliiondoa kuanzia Januari 2004, ingawa linaendelea kuifuatilia. Wataalamu wa lishe ya wanamichezo wanataja miligramu 3 hadi 6 kwa kila kilo ya mwili, ikinywewa kama saa moja kabla ya mazoezi. Lakini waliopimwa katika uchunguzi huo kwa kawaida ni watu wazima wenye afya, waliokula, waliolala na waliokunywa maji ya kutosha. Mchezaji wa Kavimvira hayuko hivyo kila siku.

Kuna kijana mmoja wa miaka 17, ambaye familia yake ilikimbia vita katika bonde la Ruzizi na sasa inaishi kwa ndugu, watu kumi na moja katika vyumba viwili. Jumamosi moja alikuwa amepakua gari tangu asubuhi. Nyumbani wanakula mara moja kwa siku, jioni, kwa hiyo alikuwa hajatia kitu tumboni. Kwa pesa aliyopata alimpelekea mama yake sehemu, na kwa iliyobaki akanunua enerji mbili. Alizinywa moja baada ya nyingine na kuingia uwanjani. Dakika ishirini za kwanza alikimbia kuliko wote. Kisha mikono ikaanza kutetemeka, moyo ukampiga hadi akausikia masikioni, akakaa chini pembeni ya goli. Wenzake walidhani anajifanya. Kocha alimkokota hadi kwenye kivuli cha muembe, akamnywesha maji polepole, na siku hiyo yakaishia hapo. Mama yake aliposikia aliuliza swali moja tu: "Na ile pesa ya chupa mbili, ingenunua ndizi ngapi?"

Mama yule aligusa penyewe. Mwili wenye njaa na kiu unapochoka unatoa onyo. Ukilinyamazisha onyo hilo katika joto la kando ya ziwa, mchezaji anaendelea kukimbia pale ambapo alipaswa kusimama, na joto la mwili linazidi kupanda. Sukari iliyomo inampa nguvu kidogo, ni kweli, lakini nyingi ya vinywaji hivi zina gramu kama 11 za sukari katika kila mililita 100. Kwa anayenywa katikati ya mchezo hiyo ni nzito. Inachelewa kutoka tumboni na inaleta kichefuchefu. Wengine wanasema kafeini inakausha mwili. Kwa kiasi kidogo si sana. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba mtu akishika enerji anaona amekwisha kunywa, na maji hayatafuti tena.

Kisha kuna usiku. Kafeini inahitaji kama saa tano ili nusu yake itoke mwilini. Aliyekunywa saa kumi jioni, saa tatu usiku bado ana nusu. Katika familia zilizohama makwao usingizi ni mgumu hata bila hiyo, na kesho yake kijana anaamka mchovu, anatafuta chupa nyingine. Hapo mzunguko umeanza.

Wazazi wanaweza kuhesabu wenyewe. Kwenye kopo au chupa, kwa maandishi madogo, tafuteni neno caféine au caffeine na namba iliyo karibu nalo, mara nyingi 30 au 32 kwa kila mililita 100. Kopo dogo la Red Bull la mililita 250 lina miligramu 80. Kopo la nusu lita lenye nguvu ileile lina 160. Mamlaka ya Ulaya ya usalama wa chakula iliandika mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya asizidishe 400 kwa siku wala 200 kwa mara moja, mama mjamzito 200 kwa siku, na mtoto au kijana miligramu 3 kwa kila kilo. Kijana wa kilo 50 basi ni 150. Nusu lita moja imekwisha kumpitisha. Mtoto wa kilo 30 anafikia 90, karibu kopo moja dogo tu. Ndiyo maana Lithuania tangu 2014 na Poland tangu 2024 zinakataza kumuuzia enerji mtu asiyefika miaka 18. Chupa isiyoandika namba yoyote, afadhali kuiacha kibandani.

Wachezaji wana jibu lao, na ni jibu zito: chupa ya enerji imefungwa, lakini maji ya ziwa na ya mto yana kipindupindu. Uvira inaujua ugonjwa huo miaka mingi. Basi wanaona ni salama zaidi kununua. Hoja hiyo haiwezi kujibiwa kwa kuwakaripia.

Kocha aliyemkokota yule kijana amejaribu njia nyingine. Kila mchezaji anachangia kidogo kila wiki, ile pesa ya kibandani, na wananunua dawa ya klorini na mkungu wa ndizi. Asubuhi bidoni la lita 20 linatiwa dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, linafunikwa, na haliguswi kabla ya nusu saa kupita. Aliyekula bugali na ndagala saa mbili au tatu kabla ya mchezo anaanza. Asiyekula anapewa ndizi mbili na kungoja kipindi cha pili, na hakuna anayemuuliza kwa nini nyumbani hawakupika. Anayesikia maumivu ya kifua, kizunguzungu au moyo kupiga ovyo anatolewa papo hapo, na akizimia anapelekwa kituo cha afya bila kusubiri filimbi ya mwisho.

Wawili bado wanapitia kibandani kwa siri, na kocha anawajua. Kikombe kila mmoja anatoka nacho nyumbani, kwa sababu ya kipindupindu, na yule wa miaka 17 ndiye sasa anayeshika kifuniko cha bidoni.