Chuo Chetu cha Mowlem na Tovuti Yake

Juma hili sikuja na mas-ala ya mirathi wala ya talaka. Nimekuja kujibu swali ambalo wengi wenu mmeniuliza kwa simu: imekuwaje mtu wa makamo yangu, aliyesomeshwa kwa ubao na wino, asiyejua hata herufi moja ya lugha za kompyuta, akatengeneza tovuti ya chuo kwa mikono yake? Na je, nanyi mwaweza?

Mwaweza. Kuitengeneza kulinichukua jioni nne. Kukubaliana kitakachoandikwa ndani yake kulituchukua wiki sita, na hizo wiki sita ndizo ninazotaka kuzizungumza.

Kwa msiopajua, Mowlem ni mtaa wa mashariki ya Nairobi, jirani na Umoja, Dandora na Kariobangi South. Ni ghorofa za kupanga zilizobanana, na watu wake ni wa kuhama. Kodi ikipanda, familia yaenda Komarock au Kayole, na mtoto aliyefika Juzuu Amma aanza tena kwa mwalimu mwingine. Si kama Mji wa Kale, ambako ukiuliza chuo, mtoto yeyote atakushika mkono akufikishe mlangoni. Hapa waweza kukaa mwaka mzima, majengo matatu kutoka chuoni, usisikie hata sauti ya watoto kwa kelele za matatu na mashine za kuchomelea vyuma. Mama aliye Malindi, ambaye bintiye ameolewa huku, hana wa kumuuliza ila kwa simu ya mtu amjuaye mtu.

Hilo peke yake lilitosha kutufanya tuwe na tovuti, lakini lililotuharakisha ni jengine. Ramadhani iliyopita ulizunguka ujumbe katika makundi ya simu, ukiomba sadaka ya futari kwa jina la chuo chetu, na chini yake nambari ya simu isiyo yetu. Wako waliotuma. Mama mmoja mjane, muuza viazi karai, alituma mia tatu, kisha akaja kuniuliza kama zimefika. Sikuwa na mahali pa kumwonyesha na kumwambia: hapa ndipo penye nambari yetu ya kweli, na palipokuwa kinyume na hapa usipaamini. Ujumbe wa simu hauna kwao. Unapita mkono kwa mkono, na asiyejua ulikotoka hawezi kuurudisha.

Tovuti ina kwao, nayo ni anwani yake. Mtu huijia yenyewe, akayakuta maneno yale yale ambayo mwenziwe ameyakuta. Mwanzilishi wa jambo hili ni Mwingereza, Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya CERN huko Uswisi. Alitoa rai yake mwaka 1989, na tovuti ya kwanza ikafunguliwa kwa umma mwaka 1991. Mwezi wa Aprili 1993 CERN ikatangaza kuwa kazi hiyo ni ya watu wote, bila ya ada. Mimi nikisoma hayo huikumbuka waqfu, ingawa wao hawakuiita hivyo. Wangeweza kutoza kila mtu.

Zamani, mwenye kutaka ukurasa ilimlazimu aandike alama na amri za kompyuta, au amlipe fundi. Siku hizi ziko programu zinazoziandika amri hizo kwa niaba yako. WordPress, iliyoanza mwaka 2003, ndiyo inayoendesha zaidi ya thuluthi moja ya tovuti zote duniani. Ina nguvu, lakini kwa mwanafunzi ina vyumba vingi mno. Wix hutoa ukurasa wa bure, ila huweka tangazo lao juu yake, nami sikupenda chuo kibebe tangazo nisilolichagua. Tukatumia Google Sites. Haina malipo, na kinachotakiwa ni akaunti ya Gmail tu. Fanyeni kazi hiyo kwenye kompyuta, hata kama ni ya saiba, kwani kwa simu ni taabu. Wafungua ukurasa mtupu, waandika jina juu yake, na pembeni mwa kioo mna visanduku vya maandishi, picha na ramani. Wakibonyeza, kinaingia mahali pake, kisha wakivuta utakapo. Aliyewahi kupanga sahani mezani ataielewa. Hakuna mtu anayeona chochote mpaka ubonyeze kitufe cha kuchapisha, kwa hivyo msiogope kuharibu. Ukurasa wenyewe hujipanga upya ili uenee kwenye kioo cha simu, na huko ndiko karibu wasomaji wenu wote watakakousomea.

Sasa nije kwenye wiki sita. Vijana wa kamati walitaka picha: watoto wakisoma, watoto katika Maulidi, mabinti na vyeti vyao mikononi. Nikawaita akina mama, nikawauliza wao wangetaka kukuta nini. Hakuna hata mmoja aliyetaja picha. Walitaka kujua ni nani anayewasomesha watoto wa kike, na kama mlango wa darasa huwa wazi. Walitaka saa ya kuingia na saa ya kutoka, kwa sababu mama anayefanya kazi Industrial Area hawezi kubahatisha. Walitaka ada iandikwe kwa tarakimu, pamoja na maneno yatakayomwambia asiye nayo aende kwa nani bila ya kufedheheka. Na mmoja, ambaye huwa haneni sana barazani, akauliza: mtoto akiugua chuoni, mtampigia nani kwanza? Swali hilo hatukuwa na jibu lake lililoandikwa popote. Ikabidi tukae kikao tulipange, kisha ndipo tukaliandika.

Hapo ndipo nilipoiona faida ya kazi hii, nayo haikuwa katika kompyuta. Kuandika mahali pa wazi kwakulazimisha ujue unachokisema. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni. Ada iliyoandikwa haipandi kimyakimya.

Ama picha za watoto, tuliziacha zote, na sababu si haya peke yake. Picha ikishatoka, huna uwezo wa kuirudisha. Yeyote aweza kuihifadhi, na huwezi kumjua. Sheria ya nchi nayo ina neno: Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia habari za mtoto, na picha yake ni miongoni mwa habari hizo. Mwaka 2023 Kamishna wa Kulinda Data aliitoza shule moja ya hapa Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila ya ridhaa ya wazazi wao. Chuo chetu chote, pamoja na majamvi na feni, hakifiki nusu ya fedha hizo. Tumeweka picha ya mlango wa nje na ramani, basi.

Liko jambo jengine ambalo nawasihi mlizingatie, hasa nyinyi akina mama mnaouza mabuibui, halua na keki za harusi, mliosema mwataka kurasa zenu. Akaunti ifunguliwe kwa jina lenu. Najua chuo kimoja ambacho tovuti yake ilifunguliwa na kijana kwa barua pepe yake mwenyewe. Kijana akapata kazi Ghuba, neno la siri akaondoka nalo, na mpaka leo ukurasa ule watangaza mwalimu aliyekwisha kufariki, Allah amrehemu. Anayekusaidia, mwongeze kama msaidizi kwa akaunti yake. Usimpe neno lako la siri. Na ikiwa baadaye mtapenda kununua anwani yenu ya Kenya, inayoishia na .co.ke kwa biashara au .or.ke kwa jumuiya, kunueni kwa muuzaji anayetambuliwa na KeNIC, mwenye dhamana ya anwani za .ke. Msiulize bei ya mwaka wa kwanza tu. Ulizeni ya mwaka wa pili, maana huko ndiko wengine hupandishia.

Wapo waliosema kuwa hii si kazi ya sheikh. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, kabla hajawa Kadhi Mkuu, alianza kutoa Sahifa pale Mombasa mwaka 1930, na mwaka 1932 akatoa gazeti la Al-Islah. Alitumia chombo kilichokuwako katika zama zake, naye hakuna aliyemzidi kwa elimu katika hao wanaonilaumu.

Mwalimu wa darasa la wanawake alikataa picha yake na nambari yake ya simu visiwekwe, nasi tukamkubalia. Mwenye kumtaka hupitia nambari ya ofisi. Lakini yeye ndiye aliyeshika ufunguo wa ukurasa ule pamoja nami. Juzi darasa lake lilihamishwa kutoka Alasiri ya Jumamosi hadi asubuhi ya Jumapili, na nilipofungua kompyuta ili nirekebishe, nilikuta ameshaandika saa mpya, na chini yake ameongeza mstari ambao sisi wanaume hatukuufikiria: mama mwenye mtoto mchanga aje naye, mahali pa kumlaza pameshatengwa.