Jina Moja, Vitu Viwili

Ndugu zetu wasomaji, chuoni mwetu wamo kina Ali watatu. Tukimtaka mmoja, humwita kwa jina la baba yake. Lakini hekima hiyo tuliisahau siku tuliyomtuma mwanafunzi dukani atuletee "The Message", tuwaonyeshe watoto. Akarudi na diski ya muziki. Tukamkaripia mbele ya wenziwe, naye akainamisha kichwa, asijibu neno.

Usiku tulichunguza. Sisi tulikusudia filamu ya Moustapha Akkad ya mwaka 1976, ihusuyo mwanzo wa Uislamu, ambamo sura ya Mtume (s.a.w.) haionyeshwi wala sauti yake haisikiki. Kumbe ipo pia albamu ya Grandmaster Flash na wenziwe wa New York, iliyotoka mwaka 1982, yenye jina hilo hilo. Kijana alileta alichoagizwa. Kosa lilikuwa letu.

Asubuhi tulimtaka radhi mbele ya wale wale walioshuhudia aibu yake. Enyi wazazi, mnapomtuma mtoto, mtajieni jina, mtengenezaji na mwaka. Na kabla ya kukemea, ulizeni. Wabillahi tawfiq.