Kukwea pipa hadi Samuye: ni saa ngapi kweli?

Msomaji wangu, kama kwenu ni mbali, usije ukasema maneno niliyosema mimi: "Kwa ndege ni saa moja na nusu tu." Yamenitokea puani.

Bibi mzaa mama alifariki kijijini Samuye, Shinyanga. Simu ilikuja saa 12 jioni. Binamu yangu akabeba begi, akawahi basi la usiku. Mimi nikajifanya mtoto wa mjini. Nikampigia mjomba: "Msiwe na wasiwasi, nakwea pipa asubuhi. Saa moja na nusu tu!" Mjomba akaniamini, mazishi yakapangwa saa 8 mchana.

Sasa tupige hesabu. Kwa mstari ulionyooka, Dar es Salaam hadi Mwanza ni kama kilomita 850, na ndege inazimaliza kwa saa moja na nusu hivi. Hapo sikudanganya. Lakini ndege haianzii Mbagala wala haiishii Samuye!

Saa 11 alfajiri nilikuwa kituoni nagombea daladala, maana uwanjani unatakiwa mapema. Saa 3 tukaruka. Saa 4 na nusu Ziwa Victoria hilo hapo chini, nikatabasamu. Kumbe safari ndiyo kwanza inaanza. Uwanja wa ndege wa Mwanza uko kaskazini mwa jiji, stendi ya Nyegezi iko kusini, kwa hiyo jiji zima unalikata kwa foleni. Stendi nako gari haling'oki mpaka lijae. Misungwi, Hungumalwa, Maganzo kwa wenye almasi, kote tunashusha na kupakia. Shinyanga mjini nikaingia saa 9 na ushee, nikarukia bodaboda. Samuye, saa 10 kamili.

Jumla saa 11: angani moja na nusu, chini tisa na nusu.

Kinachouma zaidi, Mwanza ni kupitiliza nyumbani halafu unarudi nyuma. Basi la kutoka Dar linapita Dodoma, Singida, Nzega na Tinde, linafika Samuye hata kabla ya Shinyanga mjini. Binamu alishuka saa 6 mchana, akanawa uso, akashika jeneza.

Mimi walinisubiri saa nzima, wakashindwa. Kulikuwa na wazee waliotoka mbali. Nilikuta udongo unasawazishwa. Nikaamkia, "Mwadila," wakaitikia kwa upole. Mjomba akanishika mkono, akaniuliza taratibu, "Mjomba, hiyo ndege yako ilipitia Uarabuni?" Watu wakacheka kidogo. Mimi nikalia.

Ndege panda, ni raha na miguu haivimbi. Ila ukipiga simu nyumbani, usiwatajie saa za angani. Wataje saa utakayofika mlangoni, maana huko ndiko wanakokusubiri.