Wapenzi wa Kasarani na Ng'ombe wa Mama

Kuna mahusiano huvunjwa na mpango wa kando, mengine huvunjwa na deni la Fuliza. Ya hawa wawili nusura yavunjwe na SHA. Majina yao hayana haja. Jamaa anahariri video za wanamuziki na za harusi, kazi ya leo ipo kesho haipo. Mrembo ameajiriwa ofisini, shilingi 80,000 kabla ya makato. Wanaishi pamoja Kasarani, mahari haijafika Murang'a, na wajomba wa Murang'a hawajasahau.

Kwao jamaa ni Siaya. Ukiwa Mkenya, ukishasikia Murang'a na Siaya, tayari ushajua nani alimpigia nani kura Agosti 2022. Unakisia bila kuuliza na hukosei, na ukifikiria vizuri hilo ni jambo la aibu kidogo. Hawa walikisiana siku ya kwanza kabisa, wakacheka, wakaapa siasa haitaingia ndani ya nyumba. Ilikaa nje kama mwaka mmoja hivi.

Iliingia Oktoba 2023. Rais William Ruto alitia saini sheria mpya za afya tarehe 19 mwezi huo, na NHIF, ambayo ilikuwepo tangu 1966, ikawekwa kwenye foleni ya kuzikwa. Mahali pake ingekuja SHA. Aliyeajiriwa angekatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote, na asiyeajiriwa angepimwa uwezo wake kwa maswali kisha aambiwe alipe ngapi. Mrembo alipiga hesabu akaona atatoka 1,500 hadi 2,200 kwa mwezi. Ungedhani ndiye angelia. Wapi! Alisema ni sawa, mwenye nacho amsaidie mama mboga. Jamaa, ambaye hakuwa na payslip ya kukatwa hata shilingi, ndiye aliyewaka. Kwake hiyo ilikuwa kodi iliyovalishwa koti jeupe la daktari.

Halafu kulikuwa na ile habari nyingine ya Maisha Namba, kitambulisho kipya cha kidijitali. Jamaa alisema serikali inataka kujua Mkenya analala wapi, anakula nini, mpaka choo chake ni cha aina gani. Mrembo akamjibu, "Kama huna la kuficha, unaogopa nini?" Wiki chache baadaye mrembo akafukua picha ya zamani ya Facebook, ya 2019, jamaa mwenyewe amepiga foleni kusajiliwa Huduma Namba, ametabasamu, dole juu. Mwaka huo Raila na Uhuru walikuwa wameshapeana mkono, na kwa wafuasi wa Baba kitambulisho cha kidijitali kilikuwa maendeleo. Jamaa alisema hiyo ilikuwa tofauti. Aliulizwa tofauti gani. Akaenda kuoga.

(Kwa njia, kuhusu choo hakukosea. Maswali ya kupima uwezo yalipokuja, choo kilikuwemo.)

Juni 2024 ilikuwa kitu kingine, na hapo utani uliisha. Jamaa alikuwa mjini tarehe 25, siku waandamanaji walipoingia Bunge kwa sababu ya Mswada wa Fedha. Alirudi nyumbani akiwa mzima, macho yakiwasha. Kilichofuata ndicho kilichombadilisha. Vijana walianza kuchukuliwa na watu wasiovaa sare, kwenye magari yasiyoeleweka. Mtaani kila mtu alikuwa na maelezo ya jinsi simu inavyofuatwa. Kufikia Desemba mwaka huo tume ya haki za binadamu, KNCHR, ilikuwa imehesabu visa 82 vya utekaji tangu Juni. Jamaa alitoa laini, akazima simu, akalala kwa rafiki Rongai usiku mbili bila kumwambia mtu. Mrembo hakulala. Alipiga namba ile ile mpaka akachoka kusikia sauti ya yule mama wa "mteja hapatikani". Jamaa aliporudi hawakubishana. Ila tangu hapo akawa na tabia mpya, kwamba siku yoyote mji ukinuka vurugu, simu yake inazimwa.

Na ndipo alipompigia mamake Siaya akamwonya. Mama, watu wa SHA wakija na tablet, usiwape namba ya kitambulisho. Usiwaambie chochote. Mama akasema sawa. Julai 12, majaji watatu wa Mahakama Kuu waliposema sheria tatu za afya zinakiuka Katiba, jamaa alisherehekea kama Gor Mahia imechukua kombe. Lakini Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo, na Oktoba 1 SHA ikaanza kazi.

Sasa angalia kalenda, maana hapa ndipo watu walipopishana kwenye ngazi. Oktoba hiyo hiyo Seneti ilimtimua Rigathi Gachagua kwenye kiti cha naibu rais. Kundi la WhatsApp la familia ya Murang'a likageuka usiku mmoja. Mjomba aliyekuwa akituma mabango ya serikali kila asubuhi akaanza kutuma video za wagonjwa waliokwama kwenye viti vya hospitali. Mrembo naye, polepole, akaanza kusema 2,200 ni wizi. Machi 7, 2025 Raila akatia saini makubaliano na Ruto, pale KICC, na kundi la familia ya Siaya nalo likageuka. Ami yake jamaa, aliyekuwa akiiita SHA jina lisiloandikika hapa, sasa alisema ni mpango mzuri wenye changamoto ndogo ndogo. Na jamaa? Jamaa alisema, "Baba yuko ndani sasa. Mambo yatanyooshwa."

Kwa hivyo kufikia Pasaka nyumba ile ya Kasarani ilikuwa na wapinzani wale wale, maneno yale yale, ila kila mmoja ameshika karatasi ya mwenzake. Mrembo alikuwa akiposti kuhusu utekaji. Jamaa, aliyelala Rongai kwa woga, alikuwa akimwambia anaongeza chumvi. Mkaguzi Mkuu alitoa ripoti ikisema mfumo wa SHA wa shilingi bilioni 104.8 si mali ya serikali. Hilo si jambo dogo, ni swali la nani anashika taarifa za ugonjwa wa kila Mkenya. Mrembo aliliposti kama jiwe la kurusha. Jamaa akajibu kwa kuuliza mbona hakuuliza maswali 2023. Hakuna aliyesoma ripoti yenyewe. Kisha wakaanza kutumiana picha za jumbe zao za zamani, wakiwa wamekaa kwenye kochi moja, miguu inagusana.

Mama aliugua Aprili. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, na hospitali moja Kisumu ikasema ni figo, anahitaji kusafishwa damu mara mbili kwa wiki. Hesabu yake ni hii. Kipindi kimoja ni shilingi 10,650, hiyo ndiyo bei ambayo SHA inalipa, na kwao waliambiwa bei hiyo hiyo. Wiki ni 21,300. Wiki nne ni 85,200. Mshahara wa mrembo, kabla ya makato, haufiki hapo. Walilipa wiki mbili kutoka mfukoni: akiba ya mahari yote, pamoja na kamera moja ya jamaa iliyouzwa Luthuli kwa bei ya kutupa.

Mama hakuwa amesajiliwa. Si alikatazwa?

Jamaa alikaa na simu mkononi mbele ya *147# kama mtu anayetakiwa kusoma barua ya talaka. Mrembo akamnyang'anya. Mrembo yule wa "SHA ni wizi" ndiye aliyejaza kila kitu, akiwa amepiga simu kwa Mama, sauti juu. Paa la nini? Mabati. Ukuta? Udongo upande mmoja, matofali upande mwingine. Choo? Mama akanyamaza kidogo, akajibu. Anapikia nini? Kuni. Ana mifugo?

"Wanauliza mifugo?"

"Ndiyo, Mama. Wanataka kujua uwezo wako."

"Nyathina, ng'ombe wangu ana uhusiano gani na figo?"

Mrembo hakuwa na jibu. Mtu wa serikali angelijibu, kwamba asiye na payslip lazima apimwe kwa kitu fulani, na mabati na ng'ombe ndivyo vinavyoonekana. Si jibu baya. Lakini mwanamke wa miaka sitini na tatu aliyeona machifu wakihesabu mifugo ya watu kwa ajili ya kodi hawezi kulaumiwa akiuliza mara mbili. Aliuliza mara tatu. Mwishowe akasema ng'ombe ni mmoja, na mbuzi hakuwataja. Mfumo ukarudisha shilingi 7,200 kwa mwaka, za kulipwa zote kwa pamoja. Mrembo akalipa kutoka kwa simu yake, usiku huo huo. Hakuposti.

Na ilifanya kazi, lazima isemwe. Mama aliingia kwenye ile mashine Jumatano na Jumamosi bila kulipa kipindi, uvimbe ukashuka, akaanza tena kugombana na majirani kuhusu kuku. Jamaa alitaka kusema "nilikuambia", akakumbuka alichomwambia Mama 2024, akaacha.

Kulikuwa na jambo moja tu. Kila Mama alipofika, mfumo ulituma namba ya uthibitisho kwa simu iliyosajiliwa, na simu iliyosajiliwa ilikuwa ya jamaa, kwa sababu Mama hasomi ujumbe na kabambe yake hukaa bila chaji. Jamaa anapokea namba, anapiga Kisumu, anaisoma, Mama anaingia.

Juni 25, 2025 ilikuwa Jumatano. Mwaka mmoja kamili. Vijana walirudi barabarani kuwakumbuka waliouawa, polisi wakafunga njia za kuingia katikati ya mji kwa nyaya za miba, na vituo vya televisheni vikaamriwa vikome kuonyesha moja kwa moja. Mrembo alikuwa mjini, safari hii yeye, na bendera mgongoni. Jamaa alibaki Kasarani. Alikuwa amemwambia asubuhi kwamba hakuna anayemfuata mtu siku hizi, hizo ni porojo za mitandao. Kisha mrembo alipotoka, akazima simu.

Mama alifika hospitali saa mbili asubuhi. Namba ya uthibitisho ilitumwa. Haikusomwa. Ikatumwa tena. Muuguzi akamwambia asubiri kwenye benchi, na mgonjwa wa pili akachukua mashine yake. Saa tano Mama aliazima simu ya mtu akampigia mrembo, akampata katikati ya kelele Moi Avenue, macho yakimtoka machozi ya gesi. Mrembo alimpigia jamaa mara kumi na moja. Mteja hapatikani. Alijua sauti hiyo vizuri. Hakukuwa na matatu ya kurudi Thika Road, kwa hivyo alimpigia keateka wa ploti, akamwambia apande orofa ya nne agonge mlango mpaka ufunguke.

Keateka aligonga. Jamaa alidhani ndio hao wamekuja. Alikaa bafuni dakika ishirini nzima akisikiliza mlango ukigongwa, mpaka keateka alipopaza sauti na kutaja jina la mamake.

Mama aliingia kwenye mashine saa tisa alasiri. Alipona siku ile, ingawa alitapika njia nzima ya kurudi Siaya. Usiku mrembo alifika nyumbani kwa miguu kutoka Ngara, viatu mkononi. Hawakuzungumza kuhusu Ruto, wala Raila, wala Gachagua. Jamaa alisema tu, "Niliogopa." Mrembo akasema anajua, na akauliza kama kuna chai.

Wiki iliyofuata namba ya SHA ya Mama ilihamishwa kwenye simu ya mrembo. Baadaye hospitali ikamwambia Mama siku zinakuja ambapo atatumia alama ya kidole badala ya namba ya simu, naye akafurahi sana, maana kidole hakizimwi. Jamaa ndiye aliyeuliza hicho kidole kitahifadhiwa kwenye mashine ya nani. Lilikuwa swali lile lile la Mkaguzi Mkuu, lile alilolifanyia mzaha Aprili. Mrembo alimtazama muda mrefu. Hakufukua picha yoyote.

Bado hawakubaliani. Oktoba, wiki ya msiba wa Raila, sheria ya mitandao iliyorekebishwa ilitiwa saini siku ile ile aliyofariki, na jamaa aliyekuwa akilia hakutaka kusikia lolote kuhusu sheria. Mrembo alisubiri matanga yaishe ndipo akamwonyesha. Aliisoma mpaka mwisho. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza mmoja wao kusoma kitu mpaka mwisho kabla ya kusema ni cha upande gani.

Mahari imeanza kuwekwa tena, elfu tatu tatu. Nauli ya Siaya hadi Kisumu mara mbili kwa wiki imekula vingi, kwa hivyo Desemba Mama alimuuza yule ng'ombe. Alipiga simu jioni, akamtaka mrembo, si mwanawe.

"Nyathina, ng'ombe ameenda. Sasa niende niwaambie wapunguze, au tayari wanajua?"