Kawia Ufike, Lakini Udai Haki Yako

Ndugu msomaji, je, umewahi kuketi ndani ya gari lililokwama, saa zikayoyoma, wala pasiwe na mtu wa kukueleza lolote? Bila shaka umewahi. Na ulipofika hatimaye, mgongo ukiuma na miguu imekufa ganzi, ulifanya nini? Kama wewe ni kama mimi, ulimshukuru Mungu kwa kukufikisha salama, ukaifinyanga tiketi yako na kuitupa. Wahenga walisema kawia ufike, nasi tumelishika neno hilo kama dini.

Hebu basi twende pamoja safari moja ya mbali, kisha turudi nyumbani tukaulizane maswali.

Mnamo Juni 2023 nilikuwa London kwa mafunzo ya wiki moja. Dada yangu mkubwa ni muuguzi mjini Edinburgh, huko Scotland, na tulikuwa hatujaonana kwa miaka saba. Mama aliponisindikiza alinipa kiondo cha kumpelekea, pamoja na agizo moja tu: "Umtazame vizuri, uje uniambie kama amekonda." Picha zinazotumwa kwa simu mama haziamini hata kidogo.

Nafasi niliyopata ilikuwa Jumamosi moja. Nilikata tiketi ya kwenda, pauni 58, kwa treni iliyotakiwa kuondoka stesheni ya King's Cross saa saba mchana na kufika Edinburgh saa kumi na moja na dakika 20 jioni. Dada alikuwa na zamu ya usiku inayoanza saa moja na nusu. Tulipiga hesabu, tukaona tungeweza kula ugali pamoja na kuzungumza kwa saa moja hivi kabla hajaondoka. Jumapili mchana nami ningelazimika kurudi London. Saa hiyo moja ndiyo tuliyoingojea miaka saba.

Njia hiyo ina urefu wa kilomita zaidi ya 600, kuliko hata kutoka Nairobi hadi Mombasa. Tangu 1991 imekuwa na nyaya za umeme hadi Edinburgh, kwa hivyo nilipanda gari la moshi lisilo na moshi. Tuliondoka kwa dakika ile ile iliyoandikwa. Nyumba za London zikaisha, mashamba ya ngano yakaanza, nami nikakipakata kiondo changu kwa furaha.

Tulipopita Peterborough treni ilipunguza mwendo, ikasimama katikati ya mashamba. Sauti ikatangaza kwamba nyaya za umeme zilikuwa zimekatika mbele yetu na mafundi walikuwa njiani. Zikapita dakika 20, zikawa 40, ikatimia saa nzima. Nilimpigia dada simu. "Usijali, ndugu yangu," akaniambia, "bado kuna wakati." Lakini nilimjua kwa sauti kwamba anahesabu kama ninavyohesabu mimi.

Mkabala nami alikuwa ameketi bibi mmoja mwenye mvi. Alitoa daftari dogo mkobani, akatazama saa yake na kuandika. Nilipomwuliza anaandika nini, alinijibu kwa swali: "Tiketi yako iko wapi, kijana?"

Nikamwonyesha. Akaniagiza niipige picha papo hapo, maana kwenye stesheni nyingi lango la kutokea huimeza tiketi iliyokwisha kazi, na asiye na tiketi atadai kwa kutumia nini? Nikakumbuka methali yetu: mali bila daftari hupotea bila habari.

Nilimwambia kwamba kwetu tukifika salama tunashukuru, yanatosha. Naona haya kuomba pesa kwa sababu ya kuchelewa. Bibi yule alinitazama kwa mshangao. "Wewe huombi," akasema. "Ulinunua kufika saa kumi na moja na dakika 20. Hawakukuuzia kufika usiku."

Kisha akanieleza utaratibu wenyewe. Katika kampuni nyingi za reli nchini Uingereza kuna mpango uitwao Delay Repay, ulioanza 2007. Ukifika umechelewa kwa dakika 30 hadi 59, unarudishiwa nusu ya nauli ya safari hiyo. Ukichelewa saa moja au zaidi, unarudishiwa nauli yote. Ikiwa ulikata tiketi ya kwenda na kurudi na ukachelewa saa mbili au zaidi, unaweza kurudishiwa hata nauli ya upande wa pili. Kampuni kadhaa hulipa robo ya nauli kuanzia dakika 15. Kinachohesabiwa ni wakati wa kufika uendako, si wa kuondoka. Tena haijalishi kosa ni la nani; nyaya zikikatika au mti ukianguka relini, abiria hulipwa. Dai lipelekwe katika muda wa siku 28. Ukikataliwa bila sababu ya haki, tangu 2018 yuko msuluhishi wa malalamiko ya reli ambaye hamtozi abiria hata senti.

Treni ilijikokota tena. Tulipita Darlington, mji ambao mwaka 1825 ulishuhudia reli ya kwanza ya umma duniani kutumia injini ya mvuke. Tukaliona kanisa kuu la Durham juu ya kilima, jengo lililoanza kujengwa mwaka 1093. Tukavuka Mto Tweed juu ya daraja la matao 28, lililofunguliwa na Malkia Victoria mwaka 1850, na bahari ikatandazika upande wa kulia, maji ya kijivu chini ya jua la jioni. Siku nyingine ningeyafurahia hayo yote. Siku ile nilikuwa nikitazama saa.

Tulifika saa moja na dakika 34 usiku, tukiwa tumechelewa kwa saa mbili na dakika 14. Shemeji alinipokea peke yake na watoto. "Mjomba, mama ameenda kazini," mdogo wao akaniambia. Ugali wangu ulikuwa umefunikwa mezani.

Dada alirudi asubuhi, macho mekundu kwa usingizi. Alikataa kulala. Tuliketi jikoni, kiondo kikiwa katikati yetu, tukazungumza huku kichwa chake kikiinama kila baada ya dakika chache. Nilimtazama vizuri, kama nilivyoagizwa.

Jioni ile, kabla sijalala, shemeji alikuwa amenisaidia kujaza fomu ya madai kwenye tovuti ya kampuni: tarehe, saa ya treni, picha ya tiketi. Haikutuchukua hata dakika kumi. Baada ya siku 12 pauni zangu 58 zilirejeshwa kwenye kadi niliyolipia, pamoja na barua ya kuomba radhi.

Je, pesa hizo zilinirudishia saa yangu na dada? La. Hakuna fidia iwezayo kufanya hivyo. Lakini kuna mtu alikiri kwamba wakati wangu ulikuwa na mwenyewe, na hilo sikuwa nimewahi kuambiwa na yeyote aliyenichelewesha.

Waingereza si watu wa peke yao katika jambo hili. Katika nchi za Umoja wa Ulaya abiria wa treni iliyochelewa saa moja huweza kudai robo ya nauli, na aliyecheleweshwa saa mbili au zaidi huweza kudai nusu, ijapokuwa huko kuna visababu vinavyomwondolea mwenye treni wajibu huo, kama vile tufani kubwa.

Na sisi, msomaji? Usidhani tu mikono mitupu. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata huduma ya kiwango kifaacho, haki ya kupewa habari, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara itokanayo na kasoro za huduma. Tuna sheria ya kuwalinda watumiaji ya 2012. Tuna pia Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria inataka kesi imalizike katika siku 60.

Lakini haki hizo zote huanzia kwenye kile kipande cha karatasi tunachokitupa. Utakaposafiri likizo ijayo na watoto, iwe kwa treni au kwa basi, itunze tiketi. Andika saa uliyoahidiwa na saa uliyofika. Uliza sababu, kwa adabu. Ukipata hasara, andika barua na ubaki na nakala. Watoto wako wakuone ukifanya hivyo.

Niliporudi nyumbani mama hakuuliza habari za treni. "Amekonda?" akauliza.

"Kidogo, mama," nikamjibu. "Lakini usingizi ndio anaouhitaji zaidi, nami ndiye niliyemnyima."